Waliokuja Kumchunguza Shemeji

Watu wawili waliopanda kwetu mwezi wa sita kumchunguza shemeji yangu Efrazia walikuwa wanatafuta mgombea mwenza wa urais. Sisi tukadhani wanatafuta mke. Nalisema hili mapema usije ukahangaika kama tulivyohangaika sisi. Kupotea njia kwenye ukungu wa milima hii kunatosha, si lazima mtu apotee na kwenye hadithi.

Mimi ni Dotto. Pacha wangu, Kulwa, ndiye aliyekuwa mume wa Efrazia, na sasa amelala nyuma ya nyumba yake, karibu na mti wa mafyulisi. Tulifanana mno. Mama alikuwa akimchapa mmoja wetu kwa kosa la mwingine, akigundua anasema haidhuru, hiyo ya akiba. Kulwa alipokufa, uso wake ukabaki kwangu. Ndiyo maana nikienda kwa Efrazia huanza kupiga kelele nikiwa bado barabarani, "Mke wangu, umepika nini leo?", ili ajue anayekuja ni mimi mjinga, asije akashtuka akadhani ni yule mwingine.

Shemeji ni wa kutaniwa. Mke wangu Sesilia naye humwita "mke mwenzangu", na siku nikiugua hugombana wao kwa wao, kila mmoja akinisukumia kwa mwenzake. Watu huniuliza nacheka nini siku zote. Nimeuza soksi Kariakoo nikaporwa soksi zote pamoja na viatu nilivyovaa. Nimekata mkonge bondeni Magoma mpaka kivuli changu kikapinda. Nimeangukiwa na gunia la viazi stendi ya Mombo likanivunja mbavu. Dunia imenisomesha, na ada hainisamehe. Mtu wa namna hiyo akiacha kucheka atabaki na nini?

Basi, mwaka huo wa uchaguzi, Efrazia alianza kubadilika.

Kwetu, upande huu wa barabara ya Rangwi, mtandao hushika vizuri sehemu moja tu, juu ya jiwe kubwa lililo karibu na kanisa. Efrazia akawa anapanda pale kila jioni, kanga kichwani, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Huyu ni mtu ambaye akiongea na jirani, kijiji cha pili kinaitikia. Alishuka anatabasamu. Akanunua kitenge kipya bila kuwa na harusi wala msiba. Siku moja tunachuma njegere akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye majani:

"Dotto, mtu wa umri wangu akiitwa kwenye jambo jipya, watu hawatamcheka?"

"Watamcheka, na mimi nitakuwa mbele. Lakini aende."

Hakusema jambo gani, na mimi sikuuliza. Mtu mzima humchokonoi. Nilikwenda nikamwambia Sesilia, Sesilia akamwambia jirani yetu Mwanahamisi, na Mwanahamisi hana haja ya kupanda kwenye jiwe ili habari zake zifike.

Ukweli tuliujua baadaye. Aliyekuwa kwenye simu ni Wakili Yusufu wa Pemba, mgombea urais wa chama kidogo cha mageuzi. Ni chama cha watu wanaotaka mkulima auze kwa mizani, mjane asinyang'anywe ardhi, na mgonjwa aulizwe anaumwa wapi kabla ya kuulizwa ana shilingi ngapi. Katiba inataka rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu wake atoke upande wa pili. Yusufu ni wa visiwani, kwa hiyo alihitaji mtu wa bara. Wenzake walimletea majina ya maprofesa na wabunge wastaafu. Yeye alikuwa amemsikia Efrazia akizungumza kwenye mkutano wa wakulima Tanga, na tangu siku hiyo hakumtoa kichwani.

Akampigia. Akamwambia chama kitatuma watu wamuulizie kijijini. Siku hiyo asiwepo, na asimweleze mtu, kwa sababu majina yakivuja mapema wenyewe hununuliwa au hutishwa. Efrazia, ambaye hajawahi kunyamazia kitu tangu azaliwe, akalinyamazia hilo. Ungemwona siku hizo ungejua analitaka kiasi gani. Alikuwa analibeba kama mtu aliyebeba mayai kwenye utelezi.

Siku wageni walipofika, yeye alikuwa ameteremka gulioni Lukozi na kabichi zake. Gari la kukodi kutoka Lushoto lilisimama mlangoni kwangu. Akashuka mama mtu mzima, amevaa buibui na juu yake koti la mtu mwingine kwa ajili ya baridi, na kijana mmoja mwenye mkoba. Mkononi mama yule alikuwa na kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na halua.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Rehema, na huyu ni Hamza. Tumetoka Pemba. Wewe ndiwe ndugu wa marehemu mumewe Efrazia?"

"Ndiye mimi."

"Tumetumwa kuulizia habari zake. Aliyetutuma ni mtu mzima mwenye heshima zake. Jina lake tutalitaja wakati ukifika."

Sesilia aliitazama halua, kisha akanitazama mimi. Wageni kutoka mbali, mama mtu mzima akiongoza, jina la bwana linafichwa, na kikapu kimefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Mtoto wa chekechea wa huku kwetu angekuambia hiyo ni posa.

Na kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa na wakili yeyote: posa ya mwenzio haiharibiwi. Wakija watu kumchunguza binti wa jirani, hata kama jana mlirushiana matope, unataja mema yake. Kama hayapo unayashona hapo hapo. Mabaya bwana atayaona mwenyewe akishaoa, ndiyo faida ya kuoa.

Halafu alikuwa ni Efrazia. Miaka yote hiyo anaamka peke yake, anabeba peke yake, anakula amesimama. Kama kulikuwa na mtu Pemba anataka kumwekea kiti, sisi ni nani tumzuie? Dini tutaijadili mbele ya safari.

"Ni mtu wa tabia gani?" akauliza Bi Rehema.

"Mpole," nikasema. "Mama, huyu ukimwambia kaa hapa asubuhi, jioni unamkuta hapo hapo, na hajauliza kwa nini."

"Sauti yake hata mimi jirani yake siijui vizuri," akasema Sesilia, akimimina chai bila kupepesa macho.

Hamza akakohoa kidogo. "Tulisikia kulikuwa na mgogoro wa lumbesa, na yeye alikuwa mbele."

Lumbesa ni yale magunia ambayo mnunuzi huyashindilia, kisha huyaongezea kilemba juu, gunia linakuwa na kofia kubwa kuliko mwili, na bei inabaki ya gunia moja. Efrazia ndiye aliyeyapiga vita. Lakini ni bwana gani anataka mke mwenye vita?

"Hayo yalikuwa ya wanawake wengine," nikasema. "Efrazia siku hizo alikuwa ndani anafuma."

"Anafuma?"

"Vitambaa vya makochi."

Mungu anisamehe. Efrazia hajawahi kushika kitu chembamba kuliko mpini wa jembe.

Wakaenda kwa Mwanahamisi, na mimi nikawasindikiza kama msimamizi. Mwanahamisi aliwahi kulala mahabusu pamoja na Efrazia kwa ajili ya mgogoro huo huo. Bi Rehema alipouliza, alifunga kanga vizuri na kusema, "Mahabusu nilikwenda mimi, kwa utundu wangu. Efrazia aliniletea uji tu. Alikuwa analia."

Wakaenda kwa mzee Valentino, mkubwa wa ukoo wetu, ambaye Efrazia alimshinda shauri la shamba mbele ya baraza la kata, watu wote wakiona. Mzee aliwaamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi," akasahau kwamba wageni hawakijui, kisha akasema tangu apate akili hajaona mwanamke anayesikia wazee kama yule.

Bi Rehema alikuwa anasikiliza, na uso wake unazidi kuwa mzito. Sisi tukaona huo ndio uzito wa watu wenye heshima. Wakati wa kuaga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mna mtu mwema. Mungu amtunze."

Wakaondoka. Halua tukaila jioni ile ile, tukigombania ya pembeni yenye ufuta, na Mwanahamisi akaanza kupanga nguo ya kuvaa Pemba.

*

Kesho yake, jua likiwa linaelekea kuzama, Efrazia alishuka kutoka kwenye jiwe akaja moja kwa moja jikoni kwetu. Mwanahamisi alikuwepo. Efrazia akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akaiweka simu chini kama kitu kilichokufa.

"Wamesema mimi ni mpole mno," akasema.

Tukatabasamu. Bado hatujaelewa.

"Bi Rehema amenipigia mwenyewe, hakutaka nisikie kwa mtu. Kasema wananiheshimu, lakini mgombea mwenza wa chama chao lazima awe mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu na kukataa. Kasema kijiji kizima kimewaambia mimi sijawahi kukataa kitu." Akaninyanyulia macho. "Nani aliwaambia nafuma?"

Ndipo akatueleza yote, Yusufu, simu, mkutano wa Tanga, siri. Alipomaliza, moto ulikuwa unahitaji kuni na hakuna aliyethubutu kuinama kuziweka.

"Sisi tulidhani unaolewa," nikasema.

"Naolewa na nani?"

"Na mtu wa Pemba."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika kifua, na katikati ya kicheko hicho machozi yakaja, na kicheko kikaondoka na machozi yakabaki. Sijawahi kumwona hivyo tangu siku ya kumzika Kulwa. Hata siku ile alilia akiwa anawaelekeza watu mahali pa kuweka viti.

"Maisha yangu yote naambiwa, Efrazia, punguza mdomo," akasema. "Mama aliniambia. Mwalimu. Mchungaji. Wewe Dotto, kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza anatokea mtu anautaka huu mdomo, na nyie mmeuficha. Nilitaka, jamani. Sikuwa najua mtu wa umri huu anaweza kutaka kitu hivi." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Na kinachonikata maini ni kwamba mmeuficha kwa kunipenda. Sina hata wa kumgombeza."

"Tugombeze tu," akasema Sesilia kwa sauti ndogo.

"Sina nguvu. Halua iko wapi?"

Tukatazamana.

"Hata halua," akasema Efrazia.

Nikamwambia wageni bado wako Lushoto, wanaondoka kesho mchana, nitateremka niwaeleze. Akasimama.

"Hakuna kwenda. Sitaki kubembelezewa. Mtu akikukataa, unakaa na heshima yako. Dotto, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Na kweli nilimsikia. Kusikia hakuna ubishi.

*

Asubuhi tuliteremka Lushoto juu ya fuso la mboga, mimi, Sesilia, Mwanahamisi na mzee Valentino, ambaye tulimweka mbele kwa dereva kwa ajili ya magoti yake. Bi Rehema tulimkuta uani kwenye nyumba ya wageni anakunywa chai, amejifunika blanketi juu ya lile koti. Hamza alikuwa anafunga mizigo.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kumsema Efrazia."

"Kumsema?"

"Vibaya," nikasema. "Juzi tulisahau."

Akatukaribisha. Mwanahamisi ndiye aliyeanza, hakungoja hata kikombe.

"Kule mahabusu, aliyekamatwa kwanza ni yeye. Mimi nilikwenda kumtafuta nikajikuta niko ndani. Wanunuzi walileta magunia ya lumbesa, akasimama barabarani akasema kabichi haipandi gari mpaka mizani ije. Tukakataa kuuza. Kabichi zikaoza pale pale, na zilizobaki tukala sisi, kabichi asubuhi, kabichi jioni, mpaka mbuzi wakaanza kutuonea huruma. Mimi nilitaka kukubali. Niliona watoto wanaenda shule bila madaftari, nikamwambia, Efrazia, tuuze tu. Akaja nyumbani kwangu na mahindi yake ya mbegu. Ya mbegu, mama. Akasema pikeni haya, mbegu tutatafuta. Mizani ikaja. Na kule mahabusu hakulia. Aliwauliza askari majina yao na wametokea wapi, akamuuliza mmoja mama yake anaendeleaje. Asubuhi tunatoka, yule askari anamwamkia."

"Uji je?" akauliza Bi Rehema.

"Uji niliutunga."

Mzee Valentino alikuwa ameegemea fimbo yake. Akasema polepole, maana Kiswahili chake hupita kwanza kwenye Kishambaa kabla hakijatoka.

"Mimi nilitaka shamba la huyu mjane. Nilisema ni la ukoo. Wazee wenzangu wote wakasema ni la ukoo. Huyu mwanamke akasimama barazani, mimi baba yake mkubwa kwa ndoa, akaniamkia vizuri, shikamoo baba. Halafu akauliza: baba, ukoo ulikuwa wapi siku za kupalilia? Nikakosa neno. Mpaka leo nalitafuta." Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Nilimchukia. Halafu mjukuu wangu wa kike akafiwa na mume huko Magoma, wakataka kumfukuza. Nikamtuma nani akamsemee? Nikamtuma huyu. Na alikwenda."

Zamu ikawa yangu. Nilikuwa nimetayarisha vichekesho njia nzima kwenye fuso. Nikafungua mdomo, kikatoka kingine.

"Mimi nilivunjika mbavu Mombo, nikarudishwa nyumbani. Nikajilaza. Sikuwa naumwa sana, nilikuwa nimechoka kuwa hai tu. Sesilia alibembeleza, nikageukia ukutani. Akaja yeye, akasimama mlangoni. Akasema, Dotto, uso huo nimeshaulilia mara moja, siulilii tena. Amka. Akaondoka. Hakuleta hata mchuzi."

"Ukaamka?"

"Ningefanyaje, mama? Unamjua."

"Simjui," akasema Bi Rehema. "Ndio shida yangu. Juzi mlinambia hivi, leo mwanambia hivi. Nishike lipi? Nikirudi kwa Wakili nikamwambia watu wamebadili maneno, ataniuliza wamelipwa na nani."

Nikamtazama Sesilia, Sesilia akaitazama chai. Mwanahamisi ndiye aliyejibu, na hakuwa na ile sauti yake ya sokoni.

"Mama, juzi tulidhani anaitwa akapumzike. Mtu anayekwenda kupumzika unampamba. Leo tumeambiwa anaitwa kazini. Na kazi yenyewe, kama ni hiyo ya mizani na ardhi na hospitali, ni kazi yetu sisi. Sasa nitakudanganyaje kwenye kazi yangu mwenyewe?"

Bi Rehema aliliteremsha blanketi mabegani. Hamza akaacha kufunga mizigo.

"Halafu," nikasema, maana ukiona mlango umefunguka kidogo weka mguu, "kwetu posa haichunguzwi upande mmoja. Na sisi tunaomba kumchunguza bwana."

"Mgombea urais?"

"Kwani ana ugonjwa wa ukoo?"

Ndipo alipocheka, na nikaona kwamba ana pengo, na kwamba tungeweza kupatana. "Ulizeni."

"Akikosolewa, hufanyaje?" akauliza Sesilia.

Bi Rehema alifikiri. Yusufu alikuwa mtu wa kwao, angeweza kumshonea mema. "Hununa," akasema. "Hununa mpaka jioni. Kisha huja mwenyewe akauliza, hebu nambie tena, ulisemaje."

"Na yeye mlinzi wake humwitaje?" nikauliza.

"Kaka Makame."

"Hata huyo Makame mwenyewe akiwa hayupo?"

"Mwenyewe akiwa hayupo."

Mzee Valentino akatikisa kichwa kukubali. Bi Rehema akachukua simu akaingia ndani, na alipotoka akasema Wakili amenuna kidogo, kisha ameuliza njia ya kufika kwetu.

*

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Gari lilimfikisha mpaka kwenye tope, yeye akamalizia kwa miguu pamoja na Bi Rehema, mtu mrefu mwembamba amevaa sweta la kuazima ambalo mikono yake iliishia njiani. Alikuwa anakohoa. Watu wakatazama viatu vyake, wakaona vimechafuka kweli, wakasogea kidogo kumpisha.

Efrazia alikuwa amenisubiri mlangoni kwake kabla wageni hawajafika.

"Nilikukataza kwenda Lushoto."

"Ulinikataza."

"Ukaenda."

"Nikaenda."

"Kesho nitakushughulikia. Ingia umpishe mgeni kiti chenye mgongo."

Alikuwa amevaa kile kitenge kipya. Makande yalikuwa tayari, na chai ya tangawizi kwa ajili ya kikohozi. Tukakaa sisi wa nyumba na wageni, majirani wakabaki nje, wengine wakijifanya wanatafuta kuku. Yusufu alikula vizuri. Halafu akaweka sahani chini na kusema bila kuzunguka kwamba chama chao ni kidogo, hela hakuna, watu watamtukana, watafukua mpaka msiba wake, na huenda wakashindwa.

"Kushindwa nakujua," akasema Efrazia. "Nalima kabichi. Nikuulize mimi?"

"Uliza, mama."

"Ukikosea, nitakuambia ndani au nje?"

"Ndani kwanza."

"Usiposikia ndani?"

Yusufu alizungusha kikombe kwenye kiganja. Nje kuku alilia, mtu akamnyamazisha.

"Nje," akasema.

"Hiyo nje umeitamka polepole."

"Ni nzito. Lakini nimeitamka, na hawa wamesikia."

Efrazia alikuwa anatazama dirisha la nyuma, lile linaloangalia mti wa mafyulisi. Tulijua anaangalia nini. Sesilia akanyoosha mkono akamshika goti.

"Kule nyuma nitapalilia mimi," akasema. "Usimfanye marehemu kisingizio. Angekuwepo angekwisha kukufungia mizigo."

"Angenifungia mizigo akasahau viatu," akasema Efrazia.

Kwa desturi, maneno yote yakishaisha, mwanamke mwenyewe huulizwa mbele ya wageni, na anayeuliza ni mwanamume wa nyumba ile. Mzee Valentino alinielekezea fimbo tu. Nikasimama. Mlango ulikuwa nyuma yangu, na nilikuwa na utani mzuri sana ulimini, utani wa mahari. Nilipofungua mdomo sikuukuta.

"Efrazia," nikasema. Sikumwita mke wangu. "Hawa wageni unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Wanasema wamekuja kukuchukua kwa kazi ya watu. Si kazi nyepesi, na hatujui utarudi lini wala utarudi ukiwaje. Ukikataa, hakuna atakayekuuliza, na makande watakuwa wamekula bure, si mbaya. Tuwapokee, au tusiwapokee?"

Niliona vidole vyake vikikunja pindo la kitenge, vikikunjua, vikikunja tena. Nilitaka aseme hapana. Nalisema hapa kwa sababu pale sikulisema. Nilitaka abaki nimpigie kelele kutoka barabarani mpaka tuzeeke. Na nilitaka aseme ndiyo, hivyo hivyo, kwa nguvu ile ile, na mbavu zangu za zamani zikawa zinauma kana kwamba gunia limerudi.

"Wapokeeni," akasema.

Sesilia akajifunika uso kwa kanga. Mwanahamisi, aliyekuwa dirishani muda wote, akaanza kigelegele, Bi Rehema akamwonyesha kwa mkono apunguze.

"Tunashukuru sana," akasema Yusufu, amesimama. "Ila tunaomba jambo hili libaki humu ndani kwanza. Chama hakijatangaza."

Efrazia alimtazama, kisha akautazama mlango, ambao mimi nilikuwa nimeuziba kwa mgongo wangu, na nyuma yangu watu wa kijiji kizima wameshikana mabega kwenye baridi, wamenyamaza ili wasikie.

"Hawa ndio watakaolima shamba langu nikiwa sipo," akasema. "Wataambiwa na redio?"

Yusufu alifungua mdomo. Nikaona anataka kununa, nikaona anakumbuka jambo, na kikohozi kikamsaidia. Alipomaliza kukohoa akakaa tena kwenye kiti chenye mgongo, akavuta mikono mifupi ya sweta.

"Basi, mama," akasema. "Waambie."

"Dotto," akasema shemeji yangu, "sogea hapo mlangoni, watu waingie."

Nikasogea.